Theo Epstein: Bingwa wa takwimu aliyegeuka kuurekebisha mchezo

WAKATI kampuni ya Fenway Sports Group ya Boston, Marekani, ilipotangaza mwanzoni mwa Februari 2024 kwamba Theo Epstein amejiunga nayo akiwa mshauri mwandamizi na mmiliki mwenza, huenda mashabiki wengi wa michezo wa Afrika Mashariki hawakuitilia maanani habari hiyo. Jina hilo si la mchezaji wala la kocha. Ni jina la mtu aliyefanya kazi yake yote ofisini, tena katika mchezo wa besiboli ambao huku kwetu wanaoufuatilia ni wachache.

Hata hivyo, kampuni hiyo ndiyo inayoimiliki Liverpool, klabu ya soka ambayo kila mwisho wa wiki huwakusanya watu mbele ya televisheni kuanzia Mombasa hadi Mwanza. Falsafa ya wamiliki hao kuhusu namna ya kusajili, kuuza na kuamua nani acheze haikuzaliwa katika soka. Ilizaliwa katika besiboli, na mmoja wa walioijenga ni huyu Epstein.

Kwa sababu hiyo, safari yake ya kikazi inastahili kuangaliwa kwa makini. Ni mtu aliyefuta ukame wa miaka 86 katika mji mmoja na wa miaka 108 katika mji mwingine kwa kutumia takwimu. Ni mtu huyo huyo ambaye mwaka 2020 alikiri hadharani kwamba wataalamu wa aina yake, bila kukusudia, wameufanya mchezo upoteze sehemu ya utamu wake.

Swali la kujiuliza ni hili: inawezekanaje aliyeshinda kuliko wenzake wote ndiye awe wa kwanza kulalamikia namna ushindi unavyotafutwa?

Ofisi isiyoonekana

Katika Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, yaani MLB, kuna klabu 30, na kila klabu hucheza michezo 162 katika msimu wa kawaida. Kocha hupanga kikosi cha siku. Lakini nani asajiliwe, nani auzwe, kijana gani alelewe na fedha ziende wapi, hayo huamuliwa na ofisi ya Meneja Mkuu. Kwa waliozoea soka, cheo hicho kinakaribiana na kile cha mkurugenzi wa michezo, ila katika besiboli kina nguvu zaidi.

Kwa miaka mingi ofisi hiyo ilishikwa na watu waliotoka uwanjani: wachezaji wastaafu na wasaka vipaji waliozeeka wakizunguka viwanja vya mikoani. Kipimo chao kilikuwa jicho. Walimtazama kijana anavyokimbia, anavyorusha na jinsi mwili wake ulivyojengeka, kisha wakatoa hukumu.

Epstein hakutoka huko. Alizaliwa New York Desemba 29, 1973, akakulia Brookline, jirani kabisa na uwanja wa Fenway Park wa klabu ya Boston Red Sox. Familia yake ni ya waandishi: baba yake, Leslie Epstein, alikuwa mtunzi wa riwaya, na babu yake, Philip Epstein, alishiriki kuandika mswada wa filamu maarufu ya Casablanca pamoja na ndugu yake pacha.

Akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale aliomba kazi za likizo katika klabu ya Baltimore Orioles, akazipata. Baada ya kuhitimu mwaka 1995 alikwenda San Diego Padres chini ya mlezi wake wa kikazi, Larry Lucchino, akaanzia idara ya uhusiano. Mchana alifanya kazi ya klabu na wakati huo huo akasomea shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha San Diego. Mwanasheria anayejua kusoma mikataba na pia kusoma takwimu alikuwa mtu adimu katika ofisi za wakati huo.

Chaguo la pili

Mwaka 2002 kundi la wawekezaji lililoongozwa na John Henry lilikamilisha ununuzi wa Red Sox. Henry alikuwa ametajirika katika biashara ya kubashiri bei za bidhaa kwa kutumia hesabu. Aliamini kwamba kama hesabu zilimshindia katika soko la fedha, basi zingeweza kumshindia pia katika besiboli.

Epstein hakuwa chaguo lake la kwanza. Henry alimtaka Billy Beane wa Oakland Athletics, ambaye alikuwa ameonyesha kwamba klabu yenye fedha kidogo inaweza kuzisumbua klabu tajiri ikiwatafuta wachezaji ambao soko linawadharau. Beane alikubali mkataba wa dola milioni 12.5 za Marekani kwa miaka mitano, kisha akabadili mawazo na kubaki Oakland. Ndipo Novemba 25, 2002 kazi hiyo ikakabidhiwa kwa Epstein, akiwa na umri wa miaka 28. Hakuna aliyewahi kuwa Meneja Mkuu katika ligi hiyo akiwa na umri mdogo kiasi hicho hadi wakati ule.

Wengi walicheka. Boston ilikuwa haijatwaa ubingwa tangu mwaka 1918. Mwishoni mwa 1919 klabu ilikuwa imemuuza mchezaji wake nyota, Babe Ruth, kwa New York Yankees, na kutoka hapo wenyeji walizungumzia laana. Ilionekana kichekesho kwamba kijana aliyekulia mtaa wa jirani ndiye angeiondoa.

Katika kipindi hicho Red Sox walimwajiri pia Bill James, mtu aliyewahi kuwa mlinzi wa usiku katika kiwanda cha vyakula vya kopo huko Kansas, na ambaye tangu mwaka 1977 alikuwa akichapisha mwenyewe vitabu vya takwimu za besiboli. James alikuwa amesema kwa miaka mingi kwamba vipimo vilivyozoeleka vinadanganya. Mathalani, mpigaji asipimwe tu kwa mara alizoupiga mpira vizuri, bali kwa mara alizofika kituo cha kwanza kwa njia yoyote, hata kama ni kwa subira ya kuiacha mipira mibovu ya mrushaji ipite.

Kwa kipimo hicho, soko lilijaa wachezaji waliouzwa chini ya thamani yao. Mmoja wao alikuwa David Ortiz, ambaye klabu ya Minnesota Twins ilimwachia aende zake Desemba 2002. Epstein alimsajili mwezi uliofuata kwa dola milioni 1.25 tu. Ortiz alikuja kuwa nguzo ya Boston kwa zaidi ya muongo mmoja, na mwaka 2022 aliingizwa katika Jumba la Watukuka wa besiboli.

Uamuzi wa Julai 31

Mwaka 2003 Boston walifika mchezo wa saba wa nusu fainali dhidi ya Yankees wakiongoza 5-2. Takwimu za klabu zilionyesha kwamba makali ya mrushaji wao mkuu, Pedro Martínez, hupungua akishavuka mipira takriban 100. Kocha Grady Little aliamini macho yake na moyo wa mchezaji wake, akamwacha aendelee. Yankees walisawazisha, wakashinda 6-5 katika awamu ya 11. Mkataba wa Little haukuongezwa.

Tukio hilo ndilo lililochora mstari. Tangu siku hiyo, ofisi ya Boston haikutaka tena takwimu zibaki kwenye makabrasha wakati maamuzi yanafanyika uwanjani.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja Julai 31, 2004. Siku hiyo, ambayo ndiyo ya mwisho kwa klabu kubadilishana wachezaji, Epstein alimpeleka Chicago Cubs mchezaji aliyependwa kuliko wote mjini, Nomar Garciaparra. Badala yake, katika mpango uliohusisha klabu nne, alipata Orlando Cabrera na Doug Mientkiewicz, walinzi hodari wa uwanja wa ndani wasio na majina makubwa. Katika mpango mwingine siku hiyo hiyo alimchukua Dave Roberts, ambaye sifa yake kuu ilikuwa mbio.

Mashabiki walikasirika. Lakini hesabu zilikuwa zimeonyesha kwamba timu inapoteza michezo kwa udhaifu wa ulinzi, na kwamba jina la nyota halizuii mpira.

Oktoba mwaka huo Boston walikutana tena na Yankees, wakafungwa michezo mitatu ya kwanza. Katika mchezo wa nne walikuwa nyuma 4-3 wakiwa katika awamu ya mwisho, na mbele yao alisimama Mariano Rivera, mrushaji aliyekuwa akiogopwa kuliko wote kwa kumaliza michezo. Kevin Millar alivumilia mipira minne mibovu, akapewa kituo cha kwanza. Roberts akaingia kukimbia badala yake. Kila aliyekuwa uwanjani alijua kwamba atajaribu kuiba kituo cha pili, yaani kukimbilia kituo hicho wakati mrushaji anaachia mpira. Rivera alirusha mara kadhaa kuelekea kituo cha kwanza ili kumzuia. Roberts akakimbia, akafika kwa nukta ndogo ya sekunde. Bill Mueller akaupiga mpira uliomrudisha nyumbani, matokeo yakawa 4-4.

Boston walishinda mchezo huo na mitatu iliyofuata. Hakuna timu iliyokuwa imewahi kufanya hivyo katika historia ya ligi hiyo. Kisha wakaifunga St. Louis Cardinals michezo minne kwa bila, na ukame wa miaka 86 ukaisha.

Kuna jambo moja ambalo wachambuzi wengi hulipita. Shule ya takwimu aliyotoka Epstein haikupenda wizi wa vituo. Hesabu zake zilisema kwamba mkimbiaji akikamatwa, hasara ni kubwa kuliko faida ya kufanikiwa. Lakini tukio lililobadili historia yake lilikuwa ni wizi wa kituo. Jambo hilo litarejea mwishoni mwa safari yake.

Kuondoka na kuanguka

Ushindi haukuleta amani. Mwaka 2005 uhusiano wake na Lucchino uliharibika kwa mvutano wa mamlaka, na Oktoba 31 alijiuzulu. Kwa kuwakwepa waandishi wa habari alitoka ofisini amevaa vazi la sokwe, kwa kuwa ilikuwa siku ambayo Wamarekani huvaa mavazi ya mzaha. Januari 2006 alirejea, na mwaka 2007 Boston wakatwaa ubingwa wa pili chini yake, safari hii wakiwa na vijana waliokulia ndani ya klabu kama Dustin Pedroia na Jonathan Papelbon.

Lakini mwaka 2011 alionja upande wa pili. Klabu ilikuwa imetumia fedha nyingi, ikiwa ni pamoja na mkataba wa dola milioni 142 kwa Carl Crawford. Mapema Septemba Boston walikuwa na nafasi nzuri mno ya kuingia hatua ya mtoano, wakiwa michezo tisa mbele ya Tampa Bay. Mwezi huo walishinda michezo saba na kupoteza 20, wakaikosa nafasi hiyo siku ya mwisho. Magazeti ya Boston yaliandika kwamba baadhi ya warushaji walikuwa wakila kuku wa kukaanga na kunywa bia katika chumba cha wachezaji wakati wenzao wako uwanjani.

Hakuna takwimu iliyokuwa imewaonya juu ya jambo hilo. Epstein alitoka Boston akiwa amejifunza kwamba kuna mambo ndani ya timu yasiyoandikwa kwenye jedwali. Alipofika Chicago Cubs Oktoba 2011 akiwa Rais wa Shughuli za Besiboli, aliwataka wasaka vipaji, kwa kila kijana wanayempendekeza, waeleze mifano mitatu ya jinsi alivyokabili matatizo uwanjani na mitatu nje ya uwanja.

Kufungwa kwa makusudi

Cubs walikuwa hawajawa mabingwa tangu mwaka 1908. Boston alikuwa amekuta timu nzuri iliyohitaji kuongezewa. Chicago alikuta nyumba mbovu, na uamuzi wake ulikuwa ni kuibomoa.

Aliwauza wachezaji wakongwe waliokuwa na thamani, akachukua vijana. Mwaka 2012 Cubs walifungwa michezo 101. Mwaka 2013 wakafungwa 96. Klabu haikuficha kwamba ushindi wa wakati huo haukuwa lengo lake. Katika MLB, timu zilizofanya vibaya hupewa nafasi ya mapema kuchagua chipukizi bora wa mwaka, na kwa njia hiyo Cubs walimpata Kris Bryant mwaka 2013 na Kyle Schwarber mwaka 2014. Anthony Rizzo, kijana aliyewahi kuugua saratani na kupona, alichukuliwa kutoka Padres. Jake Arrieta, mrushaji aliyekuwa amekata tamaa Baltimore, aliletwa Julai 2013, na miaka miwili baadaye akawa mrushaji bora wa ligi yake.

Mwaka 2015 Cubs walishinda michezo 97, na mwaka 2016 wakashinda 103. Novemba 2, 2016, katika mchezo wa saba wa fainali dhidi ya Cleveland, baada ya mvua kuusimamisha mchezo kwa dakika 17, walishinda 8-7 katika awamu ya 10. Mwaka uliofuata jarida la Fortune la Marekani lilimtaja Epstein kuwa kiongozi namba moja duniani, akimtangulia hata Papa Francis. Mwenyewe alilifanyia mzaha jambo hilo, akisema hata mbwa wake nyumbani ameshindwa kumfundisha adabu.

Bei ya ubingwa

Ni rahisi kuishia hapo, kama wengi walivyofanya. Lakini uchambuzi wa haki lazima uangalie pia gharama, maana zipo na zinajulikana.

Kwanza ni gharama kwa mashabiki. Kwa misimu mitatu mfululizo watu wa Chicago walilipa viingilio kuona timu ambayo uongozi wake haukuwa na haja ya kushinda. Aliyefariki mwaka 2013 akiwa shabiki wa miaka 60 hakuuona ubingwa ulioahidiwa.

Pili ni gharama kwa wachezaji. Mwaka 2015 Bryant alikuwa tayari kwa ligi kuu, lakini klabu ilimwacha ligi ya chini kwa siku chache za mwanzo wa msimu. Siku hizo chache zilitosha kuifanya klabu immiliki kwa mwaka mmoja zaidi kabla hajawa huru kujitafutia mkataba. Chama cha wachezaji kililalamika, na Januari 2020 msuluhishi akaipa klabu ushindi. Kisheria klabu ilikuwa sahihi. Swali la kama ilikuwa haki ni jingine.

Tatu ni gharama ya kimaadili. Julai 2016 Epstein alimchukua mrushaji Aroldis Chapman kutoka Yankees. Mwanzoni mwa msimu huo Chapman alikuwa ametumikia adhabu ya kufungiwa michezo 30 chini ya kanuni za ligi kuhusu ukatili wa majumbani. Klabu ilijua, mashabiki walijua, na wengi wao, hasa wanawake, walisema wazi kwamba ubingwa huo ungekuwa na doa. Katika mchezo wa saba ni Chapman huyo huyo aliyeruhusu Cleveland wasawazishe.

Nne ni mfano uliotolewa kwa wengine. Houston Astros nao walikuwa wakijenga timu kwa njia ya kufungwa: walipoteza michezo 106, kisha 107, kisha 111 katika miaka ya 2011 hadi 2013, wakawa mabingwa mwaka 2017. Baadaye ikabainika kwamba katika msimu wa ubingwa walitumia kamera kuiba ishara za wapinzani na kugonga pipa la taka kumjulisha mpigaji mpira wa aina gani unakuja. Januari 2020 Meneja Mkuu wao, Jeff Luhnow, alifungiwa na kufukuzwa kazi. Epstein hakuhusika kwa namna yoyote na udanganyifu huo. Lakini ulionyesha jinsi utamaduni wa kutafuta kila upenyo unavyoweza kuvuka mpaka, pale ambapo hakuna anayeuliza kama upenyo wenyewe ni halali.

Kukiri hadharani

Novemba 2020 Epstein aliondoka Cubs, mwaka mmoja kabla ya mkataba wake kuisha. Tangu ubingwa wa 2016 timu haikufika tena fainali, na mwenyewe alikuwa ameamini kwa muda mrefu kwamba miaka kumi mahali pamoja inatosha kwa kiongozi na kwa taasisi.

Katika maneno yake ya kuaga alisema jambo ambalo viongozi wachache husema. Alieleza kwamba anabeba sehemu ya lawama kwa hali ya mchezo, kwa sababu watu wa aina yake, katika kutumia takwimu kuboresha kila mchezaji na kila timu, wameuathiri mchezo kama burudani bila kukusudia.

Alikuwa na ushahidi. Takwimu zilikuwa zimewafundisha warushaji kurusha kwa nguvu zote na kubadilishwa mapema. Zikawafundisha wapigaji kulenga kuupeleka mpira nje ya uwanja au kukosa kabisa, kuliko kuupiga mpira mdogo wa kufikia kituo. Zikawafundisha makocha kuwasogeza walinzi upande mmoja, pale mpigaji anapozoea kupiga. Na zikawaambia wakimbiaji wasiibe vituo. Mwaka 2018, kwa mara ya kwanza katika historia ya ligi, wapigaji waliotolewa kwa kukosa mipira walizidi mipira iliyopigwa vizuri: 41,207 dhidi ya 41,018. Kufikia mwaka 2021 mchezo mmoja wa awamu tisa ulichukua kwa wastani saa tatu na dakika kumi.

Kila uamuzi, ukitazamwa peke yake, ulikuwa sahihi kwa klabu iliyoufanya. Jumla yake ilikuwa mchezo mrefu ambao wachezaji wengi walisimama tu wakisubiri.

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Meneja Mkuu ameajiriwa kushinda, hakuajiriwa kuwafurahisha watazamaji wa klabu nyingine. Klabu moja ikiacha njia inayoshinda kwa ajili ya uzuri wa mchezo, nyingine 29 zitaipita. Kwa hiyo hakuna klabu ingeweza kuurekebisha mchezo peke yake, hata kama viongozi wake wangeona tatizo. Aliyeweza kufanya hivyo ni mwenye mamlaka ya kutunga kanuni.

Januari 2021 Epstein alikubali kuwa mshauri wa MLB kwa kazi hiyo hasa. Kanuni zilijaribiwa kwanza katika ligi za chini, zikapitishwa Septemba 2022 na kuanza msimu wa 2023. Mrushaji alipewa sekunde 15 za kurusha pasipokuwa na mkimbiaji kituoni, na sekunde 20 akiwapo. Walinzi wawili wa uwanja wa ndani walitakiwa kukaa kila upande wa kituo cha pili. Vituo vyenyewe vilipanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18, na mrushaji akawekewa kikomo cha mara anazoweza kurusha kumzuia mkimbiaji.

Matokeo yalionekana mara moja. Wastani wa muda wa mchezo ulishuka kwa zaidi ya dakika 20, hadi takriban saa mbili na dakika 40. Idadi ya watazamaji viwanjani ilivuka milioni 70, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 2017. Vituo vilivyoibiwa vilipanda kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503 mwaka 2023, idadi kubwa kuliko zote tangu mwaka 1987. Ile mbio ya Dave Roberts, ambayo hesabu zilikuwa zimeifukuza mchezoni, ikarudishwa kwa kanuni.

Funzo kwa soka

Haya yanatuhusu vipi sisi tusiotazama besiboli? Yanatuhusu kwa sababu soka imeshaanza kuifuata njia hiyo hiyo. Liverpool, tangu inunuliwe na kundi la Henry Oktoba 2010, ilijenga idara ya utafiti iliyoongozwa kwa miaka mingi na Ian Graham, msomi wa fizikia. Ubingwa wa Ulaya wa 2019 na ule wa England wa 2020, uliokuwa umesubiriwa kwa miaka 30, ulitokana kwa sehemu na kazi hiyo. Klabu nyingine kubwa nazo zina idara za aina hiyo.

Tayari dalili zinaonekana. Mashuti ya mbali yamepungua katika Ligi Kuu ya England, kwa sababu hesabu zinaonyesha kwamba huzaa mabao machache. Klabu zinazopunguza mashuti hayo zina sababu nzuri. Lakini kuna vijana waliopenda soka kwa sababu ya shuti moja tu la mita 30 lililotinga kona ya juu.

Haitakuwa busara kuhitimisha kwamba takwimu ni adui. Kabla yake, vijana wengi wenye uwezo walikataliwa kwa sababu ya maumbo yao au kwa sababu mzee mmoja hakupendezwa na mtembeo wao. Ortiz angeweza kupotea hivyo. Takwimu zilileta haki mahali palipokuwa na mazoea.

Lakini takwimu hujibu swali lililoulizwa. Klabu iliuliza namna ya kushinda, ikajibiwa. Hakuna aliyekuwa ameajiriwa kuuliza kama aliyelipa kiingilio bado anafurahia. Swali hilo ni la wenye ligi, na Epstein aliliuliza akiwa tayari na vikombe vitatu, wakati ambapo hakuwa na cha kupoteza.

Wapo watakaosema kwamba ni rahisi kutubu ukiwa umeshashiba. Wana hoja. Hata hivyo, walioshiba ni wengi, na wanaorudi kurekebisha walichokiharibu ni wachache. Watawala wa soka hawana haja ya kusubiri mtu wao wa aina hiyo ajitokeze. Wanaweza kuanza leo kujiuliza mchezo wanaousimamia unachezwa kwa ajili ya nani.